Pikipiki Chini ya Shuka Jeupe

Gari langu ni Pijo 504, rangi ya maziwa, na nililinunua kwa ajili ya familia. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Kasulu wana tabia ya kuliona gari la mtu kama mali ya kata. Limebeba wagonjwa, limebeba maharusi, limebeba mbuzi wa mahari aliyetafuna mkanda wa kiti. Lakini pikipiki nzima, ndani, pale anapokaa mke wangu Asia na binti yetu Zuhra, hilo halikunijia akilini mpaka Esteri aliponiomba.

Esteri alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka langu. Siku za kazi alilala mjini kwa shoga yake, na Jumamosi alirudi Titye kwa mama mkwe wake. Mumewe, Sylvesta, alikuwa akinunua chumvi ya Uvinza na kwenda kuiuza ng'ambo, Burundi. Mwaka tisini na tatu, vurugu zilipolipuka kule, yeye alikuwa ameshavuka. Hakurudi. Hakuna aliyemwona amekufa, na hakuna aliyemwona yu hai. Sasa ulikuwa mwaka tisini na sita, na Esteri hakuwa mke wala mjane. Alishona magauni ya harusi za wenzake na kunyamaza.

Kisha zikaja salamu kutoka Mabamba, huko Kibondo karibu na mpaka. Mkulima mmoja aitwaye Melkiadi alisema Sylvesta aliacha pikipiki kwake siku ile alipovuka, kwa kuwa mbele njia ilikuwa ya miguu tu. Melkiadi ameitunza muda wote huo. Sasa ukuta wa nyumba yake umepata ufa, mvua zinakaribia, na anaomba wenye mali waje kuichukua kabla haijaangukiwa.

"Baba Zuhra," Esteri akaniambia, "nakuomba gari tukailete."

"Tutailetaje? Tuifunge kamba nyuma kama ng'ombe?"

"Ndani ya gari."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki. Nikamwambia yuko fundi wangu mmoja wa pikipiki, tunakwenda naye, anaipanda mpaka Titye, na yeye Esteri anarudi na mimi ameketi kwa raha zake. Akakataa. Nikamwambia basi tutafute lori, maana malori ya chakula cha wakimbizi yanarudi matupu kila siku. Akakataa pia.

"Isipandwe na mtu," alisema, "wala isionekane njiani."

Sababu hakunipa. Sasa mimi, Asia husema ni mpekuzi, na hakosei. Mtu akipita dukani na kifurushi kilichofungwa vizuri, silali mpaka nijue kina nini. Ningeweza kusema nilikubali kwa huruma, na huruma ilikuwapo, lakini kilichonitoa nyumbani ni kutaka kujua. Kwa maana jambo lenyewe lilikuwa na pande mbili. Kama Esteri anaamini mumewe amekufa, basi tunakwenda kuchukua mali ya marehemu. Kama anaamini yu hai, tunakwenda kumchukulia msafiri chombo chake. Nilimtazama miaka mitatu akisukuma cherehani, na sikuwahi kujua anaamini lipi.

Tulifika Mabamba jua halijawa kali. Melkiadi alitupokea kwa salamu ndefu ya kwao, "mwakeye", akauliza habari za kila mtu aliyewahi kumsikia Kasulu, ndipo akatuingiza chumbani kwake. Pikipiki ilikuwa imesimama kando ya kitanda, juu ya matofali, imefunikwa mkeka. Honda nyekundu. Ilikuwa safi kuliko Melkiadi mwenyewe.

"Naipangusa kila Jumapili nikitoka kanisani," alisema. "Vijana wamekuja kuiazima, nimewakatalia. Yeye alinambia, nitaipitia. Sasa mimi ningempa nani?"

"Na wale aliovuka nao?" nikauliza.

"Nao vilevile, mzee wangu. Hakuna hata mmoja niliyemwona tena."

Nilimtazama Esteri nione maneno hayo yanamfikiaje. Alikuwa anakunja mkeka.

Melkiadi alitaka kutuonyesha kwamba pikipiki ni nzima. Tulipoitoa uani akaipiga kiki, ikakohoa, akaipiga tena, ikawaka. Mlio wake ulikuwa wa pekee, maana bomba la moshi lilikuwa na tundu: ulinguruma, ukakatika kidogo, ukanguruma tena. Esteri aligeukia ukutani akaziba masikio kwa viganja.

"Izime, baba," alisema. "Nakuomba uizime."

Melkiadi akaizima. Nikalitia jambo hilo mfukoni pamoja na mengine, nisubiri nafasi ya kuuliza.

Basi tukaanza kazi, na kama hujawahi kuingiza pikipiki ndani ya gari la familia, usidhani ni jambo la kusukuma tu. Tulimwaga petroli yote kwenye dumu la Melkiadi. Tulifungua gurudumu la mbele, tukang'oa vioo, tukalegeza usukani na kuulaza ubavuni. Tukang'oa kiti cha mbele cha abiria na mto wa kiti cha nyuma. Melkiadi alisukuma kutoka mlango wa kulia, mimi nikavuta kutoka mlango wa kushoto, na katikati hapo pikipiki ikagoma, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Nilisema maneno ambayo Asia hayapendi. Esteri ndiye aliyeinama akaona kwamba kinachozuia ni pedeli ya breki imeingia chini ya kiti changu. Tukaigeuza kidogo, ikaingia, ikalala kwa mshazari, mkia kwenye kona ya nyuma, shingo pale mbele ambapo abiria hukaa.

Esteri akajibana nyuma, akaupakata ule mkia wa pikipiki mapajani. Mimi nikaona mafuta yanavyonyemelea vitambaa vya viti vyangu, nikamwomba Melkiadi kitu cha kufunikia. Mke wake akatoa shuka jeupe, la kitandani, limefuliwa likanyooka. Tukaifunika pikipiki gubigubi. Gurudumu lile la mbele tulilitia kwenye buti pamoja na mto wa kiti, na buti likakataa kufunga. Nikalifunga kwa kamba, na kama afanyavyo dereva yeyote mwenye akili aliyezidisha mzigo, nikachomeka matawi mabichi nyuma ili wanaotufuata wajihadhari. Barabara ilikuwa na vumbi la kuziba macho, nikawasha taa. Springi zilikuwa zimelala, nikaenda mwendo wa pole.

Kila jambo katika hayo lilikuwa na sababu yake. Ukinisimamisha leo nitakuapia hivyo hivyo.

Kwenye njia panda ya Nduta wanaume waliokuwa wanashusha magunia ya mahindi walisimama wakavua kofia. Nikajisemea, kumbe watu wa Kibondo bado wana heshima kwa gari zuri. Nikawapungia mkono. Mbele kidogo mama mmoja aliyekuwa anatembea na mzigo wa kuni aliutua, akapiga goti kando ya barabara, akafanya ishara ya msalaba. Hapo nikaanza kujiuliza, kwa sababu Pijo ni gari zuri lakini si kwa kiasi hicho.

Nililipata jibu kwenye kizuizi. Zama hizo walikuwa wanakagua kila gari kwa ajili ya wakimbizi. Askari alikuja na uso wa kazi, akachungulia dirishani, akaona shuka jeupe limetuna kwa urefu, na mwanamke nyuma ameinamisha kichwa, amekumbatia ncha yake. Uso wa kazi ukamtoka.

"Poleni sana," alisema, na akaenda mwenyewe kuinua mti. Alisimama wima tulipopita.

Nilisubiri tupate kona, ndipo nikaachia kicheko. Taa, matawi, mwendo, shuka. Nilikuwa nimeitengeneza maiti kwa mikono yangu.

"Mbona hukumwambia ni pikipiki?" nikamuuliza Esteri kwenye kioo.

"Hakuuliza, Baba Zuhra."

Hakucheka hata kidogo, na mimi nikaona hilo nalo ni la kutia mfukoni. Mfuko wenyewe ulikuwa unajaa.

Tulipofika daraja la Malagarasi rejeta ilikuwa inachemka. Nikasimama pembeni. Esteri alichukua dumu langu la maji akashuka mtoni kuteka maji. Mimi niko chini ya boneti, basi la kutoka Kibondo likaja, likapunguza mwendo, likasimama. Abiria wote wa upande wetu walikuwa dirishani. Kondakta akashuka, amevua kofia.

"Pole, mzee. Mnaelekea wapi?"

Nilikuwa bado na kicheko changu tumboni. Nikaona hakuna haja ya kueleza pikipiki kwa basi zima, kwanza wangetaka kuiona, kisha wangetaka kutoa ushauri. Nikamjibu alichouliza.

"Titye."

Dirishani mama mmoja aliyevaa kitenge cha kijani alikuwa hatazami gari. Alikuwa anatazama mtoni, kule Esteri alikoinama. Akashika kinywa. Nilisikia akiwaambia wenzake kwa Kiha, na Kiha changu ni cha dukani lakini hilo nililipata: yule ni mkamwana wa Mama Sylvesta. Ndani ya basi mtu akaanza kulia. Kondakta akaruka mlangoni, basi likaondoka kwa kasi, na vumbi lake likatufunika mimi na gari.

Esteri alipopanda na dumu lake nikamsimulia, bado nikidhani ni kichekesho. Alitua dumu chini. Maji yalimwagika kidogo, hakuyaangalia.

"Wanafika lini Kasulu?" aliuliza.

"Kabla yetu. Kwa nini?"

"Yule mama ni wa Titye. Atafika nyumbani kabla yangu. Atamwambia mama."

Na hapo, kando ya daraja, Esteri alinipa yote niliyokuwa nimeyatafuta tangu asubuhi, na nilivyoyapata sikuona raha yoyote.

Mama mkwe wake anaujua mlio wa ile Honda. Miaka yote ile alikuwa akiusikia kutoka mbali, anaweka maji ya ugali motoni. Kama pikipiki ingeingia Titye ikinguruma, mama angetoka mbio na furaha, na angemkuta juu yake fundi wa Kasulu. Ndiyo maana isipandwe. Na kama ingekuja juu ya lori, watu wangeiona, wangeitambua, wangetangulia kumwambia wanavyotaka wao. Ndiyo maana isionekane. Esteri alitaka kuifikisha kimya, aiegemeze ukutani, mama aione mwenyewe, aamue mwenyewe.

"Aamue nini?"

"Kulia." Aliyafuta macho ingawa yalikuwa makavu. "Katika ukoo wao, mtu akipotea, wa kwanza kumlilia ni aliyemzaa. Mpaka siku hiyo hakuna msiba, hakuna matanga, hakuna mjane. Mke akitangulia kulia, wanasema amemtakia mume kifo. Mimi siwezi kuanza, Baba Zuhra. Na mama hajaanza. Kila Jumapili anampakulia Sylvesta chakula, anakifunika. Mimi naosha sahani jioni. Hatuongei."

"Na wewe unaamini nini?"

"Mimi nilijua tangu mwaka ule ule," alisema. "Angekuwa hai angetuma hata salamu, na sasa nimeona hata pikipiki yake hakuirudia. Lakini mama anapakua. Nimwambie nini mtu anayepakua?"

Sasa ulikuwa mwaka wa tatu, na yeye alikuwa bado kijana. Asingeweza kuolewa, asingeweza kurudi kwao, asingeweza hata kuvaa kaniki ya mjane. Alichokuwa amekipanga kwa uangalifu wote ule, mimi nilikuwa nimekivuruga kwa neno moja. Mama mkwe wake sasa hivi anakwenda kuambiwa kwamba mwanawe analetwa, mwili wake umepatikana. Na sisi tunamletea Honda.

Niling'oa matawi nikayatupa mtoni. Nilizima taa. Nilikanyaga mafuta kama sikuwahi kulipenda gari lile, pikipiki ikawa inagonga mlango kila shimo, na nasikia Esteri nyuma anaomba Mungu kwa sauti ndogo. Lakini haraka haina adabu: kabla ya Makere gurudumu likapasuka, na gurudumu la akiba lilikuwa chini ya buti, chini ya mto wa kiti, chini ya gurudumu la pikipiki. Lile basi hatukuliona tena.

Tulipokaribia Titye sikuhitaji kuuliza. Moshi ulikuwa unapanda uani kwa Mama Sylvesta kutoka mioto mingi. Wanawake walikuwa njiani wakielekea huko na kuni kichwani, wengine na maharage kwenye vikapu. Wanaume walishakalia magogo. Na kutoka ndani ya nyumba ilikuja sauti ya mwanamke mzee, sauti iliyokwisha kukauka, ambayo ilionyesha imelia kwa muda mrefu.

"Amelia," Esteri alisema nyuma yangu. "Mungu wangu, amelia."

Walilizunguka gari kabla sijalizima. Kaka wa marehemu baba mkwe wa Esteri, mzee Stanislaus, ndiye aliyefungua mlango, na vijana wanne nyuma yake na machela ya miti. Akalishika shuka kwa heshima, akalivuta.

Taa ya Honda ilikuwa inamtazama usoni.

"Hii ni nini?" aliuliza.

Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Mafuta ya viti, matawi ya buti, vumbi, taa. Nilisema kosa ni langu, Esteri hakusema neno kwa mtu yeyote. Mzee Stanislaus hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anamtazama Esteri.

"Umemliza mama wa watu," alisema. "Umemliza juu ya mtu ambaye hatujui alipo. Hapa hakuna maiti, hakuna msiba. Watu warudi makwao, na hayo machozi yatafutiwe dawa yasimletee mkosi."

Esteri alipiga magoti palepale kwenye vumbi. Hakujitetea. Watu walianza kuinuka, wengine wakiokota vikapu vyao, wakinong'ona, wakilitazama gari langu kwa jicho ambalo sikulipenda. Mama mmoja alikwisha kuumwagia maji moto wa kwanza.

Ndipo Mama Sylvesta akatoka. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, ameshikwa na wanawake wawili, akawaachisha mikono. Alikuja mpaka kwenye mlango wa gari, akaingiza mkono, akaigusa Honda kwenye tangi, kisha kwenye kiti. Akaushika usukani uliolala ubavu, akajaribu kuunyoosha. Haukunyooka.

"Ilikuwa wapi?"

"Mabamba, mama," Esteri alisema, bado kapiga magoti. "Aliiacha siku aliyovuka. Aliahidi kuipitia."

"Na hakuipitia."

"Hapana, mama. Mama, mimi sikusema kwamba amekufa. Naapa sikusema."

"Najua hukusema. Wewe ungethubutu lini kuniambia?" Mama yule mzee aligeuka akawatazama watu waliokuwa wanaondoka. Sauti yake ilikuwa imekwisha, lakini uani pale hakuna aliyekosa kuisikia. "Kaeni chini. Nimeshalia."

"Shemeji," Stanislaus akaanza, "umelia kwa kudanganywa."

"Nimelilia mwanangu. Nani amenidanganya?" Akalivuta lile shuka mkononi mwa Stanislaus. "Miaka yote hii nilikuwa na kilio hiki, nikakibana. Nilisema nikilia, huyu binti ndugu zake watakuja kumchukua, na yeye bado anamngoja mumewe. Nimfukuzeje mtu anayengoja? Nikawa nampakulia Sylvesta ili asikate tamaa."

Esteri aliinua uso. Nilimwona akiyapokea maneno hayo, na mimi, niliyesafiri kutwa nzima kwa kutaka kujua, nilitamani niwe nimesimama mahali pengine.

"Mama," alisema, "mimi nilikuwa naosha ile sahani ili wewe usikate tamaa."

Mama Sylvesta alishuka chini taratibu, kwa magoti ya kizee, mpaka akawa ameketi vumbini mbele ya mkwewe, jambo ambalo sikuwahi kuona mama mkwe wa Kiha akilifanya. Akalikunjua lile shuka jeupe, akamfunika nalo Esteri mabegani.

"Basi lia, mwana wanje, mwanangu," alimwambia. "Mimi nimeshakufungulia njia."

Na Esteri akalia. Miaka yote aliyokaa barazani kwangu sikuwahi kujua kwamba ana sauti kubwa namna ile. Wanawake waliokuwa wamefika njiani walirudi, mmoja mmoja, wakatua kuni zao, na yule aliyeumwagia moto maji akainama kuuwasha upya.